Mzee wa Pwani Asiye na Haya

Kashaija wa Igurwa alizaliwa katika nyumba iliyonukia maziwa. Baba yake alichunga, babu yake alichunga, na katika ukoo wao hakuna mwanamume aliyeshika jembe mpaka mbung'o walipoenea mbugani na kuwamaliza ng'ombe. Leo ukipita Igurwa utaona kahawa na migomba mpaka mlangoni, na vijana wa huko wakikuambia kwamba watu wa kwao ni wakulima tangu zamani, usibishane nao. Hawakuambiwa. Waliopaswa kuwaambia walikufa, au waliona haya kusema kwamba walipata kuwa matajiri.

Ng'ombe walipokwisha, Kashaija alikwenda Murongo kufanya kazi ya kuvusha watu. Hiyo ilikuwa miaka ya ishirini, Mwingereza ameshika nchi, na vijana wa Karagwe walikuwa wakivuka mto Kagera kwa mitumbwi kwenda kulima pamba ya Waganda. Kusoma alikuwa amejifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha misheni chenye picha ya mbuzi na picha ya chungu, akiandika herufi mchangani kwa fimbo ya kuchungia. Alijua kusoma, ila hakuwa na cha kusoma.

Pale Murongo palikuwa na fundi cherehani mmoja kutoka pwani, Feruzi, ambaye baba yake alikuja Karagwe na misafara ya pembe na hakurudi. Feruzi alishona huku midomo ikienda, na mguu wake ukifuata maneno.

"Shikamoo, mzee," Kashaija alimwambia siku moja. "Unaimba nini?"

"Marahaba. Siimbi. Namsema Mwinyi Chande."

"Ndiye nani? Chifu wa kwenu?"

"Chifu!" Feruzi alicheka mpaka uzi ukakatika. "Mgonjwa tu huyo. Mwinyi Chande wa Sadani. Miguu ilimfia, akalala kitandani miaka mingi, akawa anagombana na kitanda chake kwa mashairi. Babu yangu alimjua kwa moyo. Baba yangu vilevile. Kwetu mtoto asiyemjua Mwinyi Chande huulizwa kama alizaliwa porini."

"Mimi nimezaliwa porini."

"Basi keti, nikutoe."

Hivyo ndivyo Kashaija alivyokipata Kiswahili cha pwani, kile kilichosemwa na watu waliokipenda, si hiki cha ofisini. Feruzi alikuwa na kitabu chenyewe, kimechapwa kwa herufi za Kizungu, jalada limekwisha toka na kurasa zimeshonwa upya kwa uzi wa kanzu. Macho ya fundi yalipoanza kuingia ukungu, hata kutia uzi kwenye sindano akawa anashindwa, alimwita Kashaija akampa kitabu.

"Mimi ninaye kichwani," alisema. "Wewe una macho. Chukua, kabla panya hawajajifunza utenzi."

Kashaija alirudi Igurwa, akaoa, akajenga kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yake. Mkewe aliitwa Kyarimpa, binti wa watu wa Ihanda, mwenye mikono mirefu na mdomo mwepesi. Walipata mtoto mmoja wa kike, Joviana, na ng'ombe mmoja. Miaka ile Kashaija alimsoma Mwinyi Chande kama mtu mzima wa afya anavyomsikiliza mgonjwa: kwa huruma kidogo, na kwa kusahau upesi.

Ugonjwa ulimwanzia vidoleni, mwaka wa thelathini na nne, wakati wa kukamua. Alikaa chini ya ng'ombe asubuhi na mapema, chombo cha maziwa kati ya magoti, na vidole vikakataa kujikunja. Alidhani ni baridi. Akavipulizia, akavipasha moto, akajaribu tena, na yule ng'ombe akageuza kichwa kumtazama. Baada ya miezi kadhaa vifundo vilivimba kama mizizi ya mgomba. Halafu viwiko. Halafu magoti.

Kwa watu wengine hilo lingekuwa jambo dogo, mke angekamua. Kwa watu wa Kashaija mwanamke hakai chini ya ng'ombe. Mwanamke huosha vyombo vya maziwa, huvifukiza kwa moshi wa nyasi, husuka vifuniko, lakini chuchu haigusi. Siku hizi hata watoto wa shule wanakamua na mikono inanuka sabuni, na hakuna anayeona kitu. Wakati ule ng'ombe yule alihamishwa akapelekwa kwa ndugu yake Kashaija ili apate mwanamume wa kumkamua, na maziwa yakawa yanaletwa na watu, kama yanavyoletwa kwa mjane. Kashaija aliyanywa akiwa ameelekea ukutani.

Alitibiwa kwa yote yaliyokuwapo. Alipigwa chuku na mzee wa Kyerwa, pembe zikabandikwa magotini mpaka damu ikaja nyeusi. Alinyweshwa maji ya mubirizi, majani machungu kama nyongo, asubuhi na jioni. Alichinjiwa kondoo kwa sababu mganga alisema kuna mzimu wa shangazi. Mchungaji wa kanisa alimwombea na kumwambia awe na subira. Mwisho alibebwa kwa machela mpaka hospitali, na daktari akamshika mikono, akaitazama kwa muda mrefu, akasema ni baridi yabisi. Akampa vidonge vyeupe. Kashaija aliuliza atapona lini. Mkalimani alisema maneno mengi kwa Kizungu na daktari akajibu kwa maneno machache.

"Amesema vidonge hivi ni vizuri," mkalimani alisema.

Kufika mwaka wa arobaini, Kashaija alikuwa mtu wa kitandani. Asubuhi aliinuliwa akaegemezwa ukuta, mchana, kama jua lipo, alikokotwa mpaka mlangoni juu ya ngozi, jioni alirudishwa. Watu walikuja kumjulia hali, maana wakati ule watu walikuwa wanakuja. Walipewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, wakakaa, wakatafuna, wakamwambia habari za mtu wa Nkwenda aliyepona kwa mafuta ya kenge. Wakiondoka walisema, "Mungu yupo, waitu, ndugu yetu." Kashaija naye alisema, "Yupo." Kisha alibaki peke yake na magoti yake.

Ndipo alipomkumbuka Mwinyi Chande. Kitabu kilikuwa juu darini, kimefungwa kwa jani kavu la mgomba na kimepata rangi ya moshi. Kyarimpa alikishusha, akakiweka mapajani mwa mumewe. Na pale alipofungua, mtu yule wa pwani aliyekufa zamani, asiyejua Karagwe iko wapi, alimwambia:

*Ajaye kunitazama*
*huniletea hekima;*
*miguu yake mizima*
*itajuani ya ndani?*

Kashaija alicheka. Kyarimpa aliyekuwa akimenya ndizi nje alikuja mbio akidhani amebanwa, kwa kuwa sauti hiyo alikuwa hajaisikia siku nyingi.

Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine. Mganga alimwambia kuna kosa la ukoo. Mchungaji alimwambia kuna mpango wa Mungu. Daktari alimpa vidonge asimwambie neno. Mwinyi Chande peke yake hakutaka kumfundisha wala kumponya. Alilalamika kwa vina, akawatukana wageni wenye afya, akakisifu kitanda kwa uvumilivu, akasema usiku ni mrefu, basi. Kashaija alisoma ubeti, akafumba macho, akaona chumba cha udongo huko Sadani na mtu amelala kwenye kitanda cha kamba, ubavu wake umechoka kama wake. Hakujisikia nafuu. Alijisikia tu kwamba wako wawili.

Lakini mikono ilizidi kuharibika. Vidole vilikunjwa kama makucha ya kuku aliyechinjwa, na ilifika wakati hakuweza kukizuia kitabu kisijifunge. Alikiweka juu ya mapaja kikajifunga. Alikibana kwa kiwiko, kiwiko kikafunika maneno. Siku moja aliugua kwa sauti, si kwa maumivu, kwa hasira, na Kyarimpa akatupa kisu chake cha ndizi.

"Lete," alisema. "Kumbe unataka nini? Kinataka kushikwa tu?"

"Kinataka kushikwa wazi."

"Kama mbuzi anayechunwa."

"Kama hivyo."

Hivyo ukawa utaratibu wao. Jioni, akitoka kibanjani, akisha osha miguu na kuinjika chungu, Kyarimpa aliketi kwenye nyasi karibu na kichwa cha mumewe, mgongo kwenye nguzo ya kitanda, akainua kitabu kwa mikono miwili mbele ya macho ya mgonjwa. Hakujua herufi hata moja. Kiswahili alichokijua kilikuwa cha amri, kile walichokuja nacho askari na makarani: lete, njoo, toka, ngoja. Kashaija alisoma kwa sauti, akafika mwisho wa ukurasa, akatikisa kidevu, naye akageuza. Mikono ikimchoka aliegemeza kitabu kwenye magoti yake mwenyewe. Hakuna mwanamke wa Igurwa aliyepata kufanya kazi kama hiyo, na majirani walisema Kashaija amemfanya mkewe kuwa meza.

Siku ya tatu au ya nne walifika kwenye beti za katikati. Kashaija alisoma:

*Kitanda, nimezowea*
*ubavu kukulalia;*
*ndege huko wanalia,*
*nami nimo humu ndani.*

*Nakwenda, sina haraka,*
*nakwenda nikianguka,*
*nakwenda nikiinuka,*
*nakwenda, sijui lini.*

Kitabu kilianza kutikisika. Kashaija aliinua macho akaona mkewe ameficha uso nyuma ya kurasa, mabega yanacheza.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Unacheka nini, nyina Joviana?"

"Mtu mzima!" alisema Kyarimpa nyuma ya kitabu. "Mtu mzima mwenye mkwe! Mara nne! Na huyo mzee wako wa pwani naye hana haya hata kidogo. Jua halijazama!"

Kashaija hakuelewa. Alisoma tena kimoyomoyo, akatafuta neno la matusi, hakuliona. Kisha akalisikia kwa sikio la mkewe. Kwa Mswahili, nakwenda ni safari. Mtu anaondoka. Lakini kwa Wanyambo, watu wao Kashaija na Kyarimpa, neno hilo si la miguu. Kwenda, kwa Kinyambo, ni kupenda. *Ninkwenda*, nakupenda; na hilo neno mume na mke wa wakati ule hawakuambiana mchana, na wengi hawakuambiana hata gizani. Mwanamume aliyempenda mkewe alimpa ng'ombe jina zuri na maziwa ya kwanza akaagiza apelekewe yeye. Ng'ombe akishaondoka, hakuwa na njia nyingine ya kusema.

Mwinyi Chande alikuwa anakiaga kitanda chake. Anakufa polepole, akianguka na kuinuka, hajui siku. Kyarimpa alikuwa amesikia: nakupenda, nakupenda, nakupenda, nakupenda.

Kashaija alifungua mdomo amweleze. Akaufunga.

"Soma tena," alisema Kyarimpa. "Hapo pa mzee asiye na haya."

Akasoma tena.

Ikawa kila jioni. Kyarimpa alikishusha kitabu kabla ya kuombwa. Alipajua mahali penyewe kwa doa la masizi pembeni mwa ukurasa, akapafungua moja kwa moja, akasema, "Tuanze na yeye." Akisikiliza aliinamisha kichwa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, nyayo zake zimepasuka kwa jembe, na kwa muda wa beti mbili uso wake ulikuwa wa msichana wa Ihanda anayechungulia wageni kupitia ua wa matete. Kashaija alisoma huku akijua anamdanganya, na huku akijua pia kwamba hajasema uongo wowote. Neno lilikuwa lilelile. Mmoja alipata la kufa, mmoja alipata la kuishi, na kitabu kimoja kikawatosha wawili kwa miaka sita.

Mwaka wa arobaini na saba Joviana alikuja kuwatazama pamoja na mumewe, Elpidius, mwalimu wa shule kule Ihanda, kijana wa viatu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Walileta sukari na mkate. Zamani mkwe alipoingia, mama wa mke alihama chumba. Hawakutazamana usoni wala hawakusemezana ila kwa kupitia mtu. Kyarimpa aliketi palepale kando ya kitanda, akampa mgongo mkwewe, na hiyo ndiyo heshima aliyoweza kuitoa na kitabu mikononi, kwa kuwa jioni imefika na mumewe alikuwa anangoja.

"Someni, someni, baba mkwe," alisema Elpidius. "Msikatize kwa ajili yetu."

Kashaija hakutaka. Lakini Kyarimpa alikwisha pafungua mahali pake. Akasoma kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye ubeti wenyewe, Kyarimpa alimnong'oneza binti yake kwa Kinyambo, na Joviana akaziba mdomo.

"Anasemaje mama?" aliuliza Elpidius.

"Anasema baba anamtongoza kwa kitabu," Joviana alisema, akicheka. "Kila siku. Mara nne!"

Elpidius alisimama, akaja kutazama ukurasa juu ya bega la mama mkwe wake. Alikuwa kijana mwema. Hakuwa na nia mbaya, na watu wa namna hiyo ndio huharibu zaidi. Kosa lilikuwa mbele yake, naye kazi yake ilikuwa kusahihisha.

"Aa, hapana, mama," alisema, akamwambia Kyarimpa yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. "Hiki ni Kiswahili. Nakwenda maana yake naondoka. Naenda zangu. Huyu mtunzi anakufa, anaaga dunia. Sivyo, baba mkwe?"

Kwa mara ya kwanza tangu binti yake aolewe, Kyarimpa alimgeukia mkwewe akamtazama usoni. Kisha akamtazama mumewe.

"Sivyo?" aliuliza.

Kashaija alitazama mikono yake.

"Ndivyo," alisema.

Kyarimpa alikifunga kitabu, akakifunika kwa jani lake, akakirudisha darini. Akaenda kuwapikia wageni. Chakula kilikuwa kizuri. Hakuna aliyekisifu.

Kesho yake jioni Kyarimpa alirudi kutoka kibanjani, akaosha miguu, akainjika chungu, akaketi mbali, karibu na moto.

"Kitabu," alisema Kashaija.

"Sikishiki."

"Nyina Joviana."

"Miaka sita unaniaga, na mimi nakuchekea. Kila jioni unaita kifo ndani ya nyumba yangu, mimi nimekaa hapa nimekuinulia mikono kama ninayeomba. Nani anaaga huku bado anakula? Kwetu mtu akisema naondoka, naondoka, wanamfungashia."

"Si mimi ninayesema. Ni yule mzee."

"Sauti ilikuwa ya nani?"

Siku zile Kashaija alijifunza jinsi alivyokuwa hana kitu. Alimwomba Kyarimpa amshushie kitabu tu. Akakishusha, akakiweka juu ya kifua chake, akaondoka. Kashaija alijaribu kukifungua kwa meno. Aliufungua ukurasa, ukajifunga. Aliubana kwa kidevu, asione kitu. Alijaribu kwa jiwe la kusagia, jiwe likabingirika, kitabu kikaanguka kwenye majivu, na kikakaa hapo mchana kutwa akikitazama, hatua mbili kutoka kitandani.

Rafiki yake wa zamani, Rwegoshora, aliyevusha naye watu kule Murongo, alikuja na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, akamkuta hivyo.

"Nishikie kitabu," alisema Kashaija. "Kidogo tu."

"Mkeo amegoma? Nimesikia njiani. Wanasema ulikuwa unamwapiza kwa Kiswahili."

"Shika, bwana."

Rwegoshora alishika, juu chini. Kashaija alimwambia ageuze. Akakigeuza, lakini mkono mmoja ulikuwa wa kibuyu, na maneno yakawa yanapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye maji makali. Baada ya ubeti mmoja kichwa cha Rwegoshora kilianguka kifuani.

"Ningekuwa wewe," alisema alipozinduka, "ningemwomba anishikie kikombe. Kikombe hakina tafsiri."

Kyarimpa alimwosha mumewe kama kawaida, akamgeuza kama kawaida, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Hakumnyima kitu isipokuwa hicho kimoja. Na hicho kimoja ndicho kilichokuwa kinamwamsha asubuhi. Magoti yaliuma vilevile, lakini sasa yalimuuma mtu mmoja.

Mvua za masika zilipoanza, siku ambayo hakulala kabisa, Kashaija alimwita mkewe.

"Unataka nini ili ushike?"

Kyarimpa alikuja, akaketi mahali pake pa zamani, mgongo kwenye nguzo.

"Sema wewe," alisema.

"Niseme nini?"

"Unajua. Lile nililolisikia. Kwa lugha yetu, kwa mdomo wako, bila mzee wa pwani. Mara moja inatosha. Halafu nitashika mpaka mikono ikatike, hata kama anaaga, na aage."

Kashaija alilala akitazama dari. Alilitaka neno lile litoke. Lilikuwa dogo, watoto wa siku hizi wanaliandika kwenye mikoba. Alimwona baba yake, aliyekufa bila kulisema. Aliona kundi la ng'ombe lililokwisha, na mikono yake miwili iliyokuwa inasema kwa niaba yake, imekunjwa juu ya blanketi. Alikohoa. Mvua ilipiga nyasi za paa.

"Nyina Joviana," alisema mwisho, "ndizi zinaungua."

Kyarimpa alisikiliza harufu. Hazikuwa zinaungua.

"Basi litoe neno lile," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Kama huwezi kusema, angalau usiage. Litoe, nami nitashika."

"Haliwezi kutolewa. Mtu aliliandika."

"Huyo aliyeandika yuko wapi? Hayupo. Mimi nipo."

Hivyo Kashaija alikubali. Kyarimpa alikishusha kitabu, akakipangusa majivu, akapafungua penye doa, akainua mikono. Na Kashaija, macho yake yakiona neno moja, mdomo wake ulisoma jingine:

*Nakaa, sina haraka,*
*nakaa nikianguka,*
*nakaa nikiinuka,*
*nakaa, sijui lini.*

"Maana yake nini hiyo?" aliuliza Kyarimpa.

"Sitoki. Nipo hapa."

"Hiyo nzuri," alisema, bila kucheka. "Endelea."

Aliendelea. Kila palipokuwa na safari aliweka makazi, kila palipokuwa na kaburi aliweka nyumba, na kwa kuwa Mwinyi Chande alikuwa mtu wa kuaga sana, hapakubaki ukurasa salama. Vina vilivunjika. Beti zilisema mambo yasiyo na maana, na Kashaija aliyasoma kwa sauti ya mtu anayemsomea karani hesabu. Katika dunia nzima palikuwa na mtu mmoja aliyemwambia kweli kuhusu hali yake, na sasa alikuwa amemfundisha mtu huyo kusema kama wageni: utapona, upo, Mungu yupo, waitu. Miezi ilipita. Alianza kuona kwamba hata akiwa peke yake mchana, akijaribu kumkumbuka mzee jinsi alivyokuwa, lilikuja lile la uongo kwanza, na lile la kweli ilibidi alitafute.

Ndipo siku moja jioni, Kyarimpa amekwisha keti na kufungua, Kashaija akasema, "Leo nitasoma kimya."

"Kimya vipi?"

"Kwa macho. Bila sauti. Elpidius husoma hivyo."

"Na mimi nitajuaje unachosema?"

"Hutajua. Hutasikia kitu. Hakuna kitakachoitwa."

Kyarimpa alikaa na kitabu wazi juu ya magoti, hajakiinua. Nje ndege walikuwa wanarudi kwenye migomba. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka siku hizi, hata kwa mzigo mdogo.

"Haya," alisema. "Soma kwa macho."

Akakiinua. Kashaija alimshukuru kwa kufumba macho kidogo, kisha akasoma. Alisoma polepole, akarudi Sadani, akaingia kile chumba, na mzee alikuwa bado yupo, hajamkasirikia, ubavu wake kwenye kamba zilezile. Alisoma habari za ndege huko nje. Alisoma *nami nimo humu ndani*. Mwili wote ukalegea, hata shingo.

Lakini mtu aliyejifundisha kusoma mwenyewe, kwa fimbo mchangani, hasomi kwa macho kama mtoto wa shule. Husoma kwa midomo. Haijui inafanya kazi, lakini inafanya. Kyarimpa hakujua herufi, ila midomo ile aliijua. Aliilisha uji, aliipangusa, na kwa miaka sita aliitazama kila jioni ikitamka neno lile, ikijiviringa kwanza kama ya mtu anayepuliza moto, kisha ikifunguka.

Aliiona ikijiviringa. Mara ya kwanza alivumilia. Mara ya pili akatazama pembeni, kwenye mlango. Akarudisha macho, nayo ilikuwa inajiviringa tena.

Kashaija alikuwa ameanza mstari wa nne pale maneno yalipopotea mbele yake. Kyarimpa alikuwa amekifunga kitabu. Hakukifunga kwa hasira. Alikizungushia jani lake, akasimama kwa kushika nguzo ya kitanda, akakirudisha darini, akakisukuma ndani zaidi kuliko siku zote, mahali ambapo hata yeye angehitaji kigoda kukifikia. Kisha akamvuta mumewe blanketi mpaka kifuani, akaiingiza ile mikono ndani, mmoja mmoja, ipate joto.

"Utakula sasa," aliuliza, "au ningoje kidogo?"